Ngaingai Yenye Ilikataa Uchachu

Wewe mwenye unanisikiliza, umesha lisha kitu mpaka inakushinda urefu, na ata jina yake haujui? Mimi nililisha. Na niliilisha vizuri, acha nikuambie. Ata leo nikikumbuka zile majani zake nasikia furaha kidogo, Mungu anisamehe.

Ilikuwa hapa hapa Durban, South Beach, ule mwaka wenye ulifuata mwaka wa mpira, ile Kombe la Dunia. Mavuvuzela ilikuwa ingali inalia kwa mabalko, zile baraza za ghorofani, watoto wanachezea. Tulikuwa tunakaa etaje, yaani ghorofa, ya juu kabisa: mimi, binti yangu mwenye anasuka nywele saluni, bwana yake mwenye anaendesha lori ya makontena kule port, na mjukuu yangu wa kike, alikuwa anakaribia kumaliza shule. Asubuhi kila mtu anaenda. Mimi nabaki na televizio yenye inaongea Kizulu.

Sasa mimi nilitoka kwetu Kivu na mikono ya jembe. Hapa mikono inashika nini? Rimoti. Nikaanza kuumwa magoti. Nikaumwa mgongo. Kisha nikaumwa kitu yenye haina jina. Binti yangu akanipeleka kwa dokta, dokta akanipima, akasema mama haumwi. Nikamwambia binti yangu, huyu dokta mwambie akae yeye kwa ile kiti yangu, aangalie ile televizio, kisha ajipime.

Siku moja nikafuata nguo. Mjukuu alikuwa amesahau kuanua, wingu imekuja, nikapanda ngazi pole pole mpaka juu ya nyumba. Nikafungua mlango. Weee, mbingu yote iko pale. Upepo, kamba za nguo, meli zinangojea kuingia port. Na kwa kona iko nyumba ya mbao imejaa njiwa, na mzee mmoja amekaa juu ya kreti ya bia, anaangalia juu kama mtu anangojea jibu.

Huyu mzee ndiye alikuwa msimamizi wa nyumba yote, Muhindi wa hapa, mwenye alizaliwa hapa, miaka yake kama yangu. Kingereza yake ilikuwa ya mbio, yangu ilikuwa ya sokoni, na Kizulu tulikuwa nayo kidogo kidogo wote wawili. Basi tukaongea na mikono. Kitu ya kwanza nilimwambia, nikionyesha njiwa, nikionyesha mdomo: "Kwetu hizi tunakula. Na ndizi."

Akasimama, akaenda kufunga mlango ya kile kibanda na kufuli.

Ilichukua wakati mpaka aniamini. Zile njiwa zake zilikuwa za kushindana. Wanazipeleka na lori mbali kabisa, kule kwenye haiko bahari, wanazifungulia, na zinarudi zenyewe nyumbani. Siku za Jumamosi alikuwa anakaa anazingoja, na mimi nikaanza kungoja naye, nimegeuza kreti ingine nimekaa. Ikishuka ya kwanza, alikuwa anafurahi mpaka anasahau kama mimi ni mla njiwa.

Mgongo yake ilikuwa mbaya, kuinama kusafisha kibanda ilikuwa inamtesa. Mimi nikaona ile mavi ya njiwa anatupa kwa mifuko, roho ikaniuma. Kwetu mtu anaweza kuomba kitu kama ile kwa magoti. Nikamwambia, mimi nitasafisha, wewe niachie mavi, na niachie pale chini ya ukuta, kwenye upepo ya chumvi haifike, niweke ndoo zangu.

Akafikiri. Akasema sawa. Lakini akainua kidole: "Mama, siku mtu wa hii nyumba atanilalamikia juu ya hizi ndoo, zinashuka zote."

Nikasema, "Sharp."

Alicheka, juu mtu wa rika yangu hasemi sharp, ile sawa ya vijana. Mimi nilikuwa nimejifunza kwa mjukuu.

Ndoo nilipata kwa rafiki yangu mmoja wa kanisa, mama wa Uvira, bwana yake anafanya kazi kwa fabrike, kiwanda ya rangi kule Jacobs. Nikapanda lengalenga, ile mchicha. Nikapanda matembele. Nikapanda nyanya, vitunguu vya majani. Na usiniulize magoti yalienda wapi. Nilikuwa napanda ile ngazi mara asubuhi, mara jioni, binti yangu anasema mama utaanguka, namwambia nikiangukia kwa lengalenga nimeanguka vizuri. Pale juu ndipo nilikuwa mtu. Chini nilikuwa mzigo yenye wanaacha na televizio. Kama zile ndoo zingeshuka, mimi ningerudi kwa ile kiti, na nilijua kabisa kama safari hii singesimama.

Basi, ikabaki kitu moja. Ngaingai.

Kama hauijui ngaingai, ni mboga ya uchachu, tunaipika na samaki, mate inatoka ata mbele sufuria haijafunguliwa. Iko yenye majani nyekundu, na iko ingine ya kijani yenye majani yake imegawanyika kama vidole. Rafiki yangu wa Jacobs alienda kuona wazazi, akarudi na mbegu amefunga kwa pembe ya kitambaa. Nikaweka udongo kwa ndoo kubwa kupita zote, nikachanganya na mavi ya njiwa, nikafukia mbegu. Nikangoja. Mbegu ilikuwa ya zamani, nilikuwa na mashaka.

Ikaota. Moja tu, katikati. Na ilipofungua majani, yakawa na vidole. Nikapigia rafiki yangu simu.

"Imeota."

"Ngapi?"

"Moja. Lakini ile ya vidole."

"Iyo ndiyo nzuri. Chunga ndege."

Tukacheka. Ndege gani tena, nakaa nazo.

Wiki zikaenda, mti ikapanda. Nikakata jani moja nikatafuna. Hakuna uchachu. Ikaniachia uchungu kwa ulimi, na harufu fulani. Nikatafuna ingine. Ile ile. Nikasema, huyu mtoto ana njaa.

Ndivyo ilianza, yaani ile kazi ya kulisha. Juu mimi nilikuwa najua, mboga ikilala njaa ata ladha yake inalala. Nikachukua mavi ya njiwa mbichi, nikaweka kwa mguu ya mti, nyingi, kwa upendo. Kesho kutwa yake ncha za majani zikaungua, zikajikunja kama karatasi karibu na moto. Nikajipiga kofi kwa paja. Mavi ya kuku unaweza kukosea, ya njiwa ni kali kupita, haitaki haraka. Nikaitoa yote. Nikaweka kwa bidoni, ile pipa ya plastiki, na maji, nikafunika, nikaiacha ikomae. Kisha nikachota kidogo, nikaongeza maji mpaka ikawa na rangi ya chai ya mtu maskini. Ile ndiyo nilimwagilia, jioni, wakati jua imetulia, na pole pole, kama unanywesha mgonjwa.

Ikakubali. Majani mapya yakatoka mazima, kijani hadi karibu nyeusi.

Nikatafuna. Hakuna uchachu.

Nikapiga simu Jacobs.

"Haina uchachu."

"Umeipatia majivu?"

"Bado."

"Sasa unangoja nini, unangoja pasta aje aombee? Patia majivu."

Majivu kwa nyumba ya umeme unatoa wapi? Jumatatu asubuhi nikashuka na kopo mpaka kwa majani ya beach, kwenye watu wanachoma nyama, braai yao, siku ya Mungu, nikachota majivu yenye imepoa. Mlinzi wa pale ananiangalia. Nikamwambia, "Ni ya mboga." Akasema, "Eish, gogo," ndivyo Wazulu wanaita bibi, akaniachia. Nikanyunyiza kidogo, mbali na shina, nikafunika na udongo. Mti ikanenepa shina.

Kisha maji yenye nimeoshea samaki. Ile unaweka kwa wiki moja, wiki ingine unaacha, ama paka wa mtaa mzima watakuja kuishi na wewe. Maganda ya mayai nilitwanga mpaka unga. Majani ya chai yenye imekwisha kunywewa. Kisha nikakumbuka kwetu mama yangu alikuwa anafukia nywele kwa mguu ya ndizi, nikamwomba binti yangu, niletee nywele za saluni. Akaniletea mfuko mzima. Nikafukia. Nikangoja zioze. Nilipofukua kuangalia, ziko vile vile, zinang'aa, kumbe karibu zote ni meshi, zile nywele za dukani. Ile haiozi ata siku ya mwisho. Nikakaa kuchambua nywele kwa udongo kama mtu anachagua mawe kwa mchele, na mzee wa njiwa, toka kwa kibanda, ananiuliza nimemzika nani humo.

Lakini nilikuwa nimejifunza kuisikia. Ikianza kugeuka manjano kwa majani ya chini, ina njaa. Ikiungua kwa ncha, nimeilisha kupita. Ikijilegeza mchana na inasimama jioni, ni jua tu, iache. Mti haina mdomo lakini inakuambia, kama uko na wakati wa kuiangalia, na mimi wakati nilikuwa nayo.

Ikanipita kichwa. Nikaifunga kwa kijiti sababu ya upepo. Na kisha ikaanza kutoa maua ya ajabu, vichwa vichwa vya kijani, vina nywele nywele, vinanata kwa vidole. Ngaingai ua yake najua inafanana bamia. Nikasema, labda hapa South Africa inatoa hivi. Vitu vingi hapa vinatoa tofauti, ata mvua inakuja wakati ya Krismasi. Na harufu, weee. Jioni upepo ikitulia, harufu inajaa juu yote. Mimi nikafurahi, nikajiambia, sasa mbolea imeingia.

Ile harufu ndiyo ilileta maneno.

Mzee akapanda siku moja, uso imefungwa. Akaniambia mtu wa etaje yetu amelalamika, kuna vijana wanavuta bangi huku juu, harufu inaingia kwa madirisha. Akaniuliza, nimeona vijana?

Nikashtuka. Nikafikiria ndoo zangu. Nikamwambia, "Hapana. Lakini nitakuchungia. Nitakaa hapa hapa kwa ngaingai yangu, mtu yeyote atakuja kuvuta, nitamwona."

Akanishukuru. Macho yake yalikuwa yameharibika na sukari, pua yake ilikuwa imezoea njiwa. Na ndoo kubwa ilikuwa nyuma ya shuka za watu, yeye alikuwa hapiti kule. Nikakaa kuchunga. Bwana, nilichunga vizuri. Nilikuwa nakaa kwa kreti, mwiko ya ugali kwa mkono, mgongo yangu kwa ile mti, nangojea wavuta bangi.

Mwenye alikuja ni mjukuu yangu. Yeye alikuwa anapanda siku za kufua tu, anatundika nguo na mkono moja, simu iko kwa mkono ingine. Ile siku akapita nyuma ya shuka kutafuta kamba yenye haina mtu, na simu ikashuka pole pole kutoka kwa sikio yake.

"Koko, hii nani alipanda?"

"Mimi."

"Wewe."

"Mke mwenza, ulitaka nani? Njiwa?" Ndivyo nilikuwa namwita, mke mwenza, kwetu bibi na mjukuu wanataniana hivyo.

Hakucheka. Akaizunguka. Akagusa ua moja, akanusa kidole.

"Koko, hii ni bangi."

Mimi ndiye nilicheka. Nikamwambia, "Bangi ni moshi. Nimeisikia kwa maaskari tangu ungali haujazaliwa. Hii ni mboga."

"Na mbele ya kuwa moshi, Koko, inakuwa nini?"

Kweli, mti yake sijawahi kuiona, kwetu waliokuwa wanailima walikuwa wanailima mbali na njia, na mwanamke wa kanisa anaenda kutafuta nini kule. Nikaangalia ile mti. Ikaniangalia na vidole vyake vyote.

Akaweka simu yake karibu na jani, akanionyesha picha. Ilikuwa sawa sawa. Tofauti ilikuwa moja tu, ya kwangu ilikuwa nzuri kupita.

"Koko, tuko wageni hapa. Polisi wakipanda? Papa atapoteza kazi yake port. Tung'oe sasa hivi, tuweke kwa mfuko nyeusi."

"Na tushuke nayo kwa lifti? Na hii harufu?"

Tuko tunabishana hivyo, chini chini, mlango ikafunguka. Mzee, na kopo ya chakula ya njiwa zake. Akasikia sauti zetu nyuma ya shuka. Akaisogeza shuka na kiwiko.

Alisimama. Akatoa miwani, akaipangusa na shati, akairudisha. Kisha akaizunguka mti pole pole, kama mtu anataka kununua ng'ombe. Na kitu ya kwanza yenye ilitoka kwa mdomo yake, mjukuu akanitafsiria, ilikuwa hii: "Muulize, anaipatia nini?"

Mimi, ata wakati ile, nikajibu na furaha. Chai ya njiwa, majivu ya braai, maji ya samaki, maganda ya mayai. Mjukuu ananiangalia kama naongeza makosa. Lakini mtu amekuuliza juu ya mbolea, utanyamaza?

Mzee akatikisa kichwa. Kisha uso yake ikabadilika, akainua kile kidole. "Nilikuambia, mama. Siku mtu analalamika, ndoo zinashuka. Na wamelalamika."

Magoti yangu yakaanza kuuma pale pale. Nasema kweli. Nikaona ile kiti. Nikaona rimoti. Nikamwambia, "Nilipanda ngaingai. Mbegu zilitoka kwetu, kwa kitambaa. Udongo ni wa hapa, mbolea ni ya njiwa zako. Kitu ingine sikuweka."

Mjukuu alikuwa ameanza kutafsiri, katikati akanyamaza. Alikuwa anaangalia kopo yenye mzee ameshika. Kulikuwa mahindi, mtama, njegere, na katikati mbegu ndogo ndogo, za duara, rangi ya majivu.

"Uncle," akasema, hapa mtoto anaita mzee wa Kihindi uncle, "hizi ndogo ni za nini?"

Mzee akakohoa. Akaangalia njiwa. Akaangalia meli. Akasema ni kidogo tu, baba yake pia alikuwa anazipatia, inatia njiwa nguvu wakati zinabadilisha manyoya, na watu wa njiwa wote wanajua.

"Na zingine zinapita tumboni nzima, zinatoka na mavi," mjukuu akasema.

Tukageukia kibanda wote watatu. Njiwa tu ndizo zilikuwa zinaongea.

Mimi nilielewa wa mwisho. Nilipoelewa, nikakumbuka vile nilimjibu mjukuu, ulitaka nani, njiwa, na nikacheka mpaka nikashika ukuta. Ngaingai yangu haikuota ata siku moja. Nilikuwa nimelisha chakula ya njiwa. Mzee alijikaza kidogo, kisha na yeye akakaa kwa kreti, mabega yanaruka, machozi chini ya miwani.

"Basi," akasema, "wametulalamikia sisi wawili."

Lakini alikuwa mtu wa kazi yake. Alisema ile mti isilale pale ata siku moja zaidi, na haitashuka kwa lifti, na haitapewa mtu. Nikamwambia nipatie kisu. Nilikata mimi mwenyewe, matawi, shina, maua yenye inanata, nikasukuma yote kwa bidoni ya maji ya njiwa, nikaweka jiwe juu. Ioze. Mwezi wenye ulifuata nilimwagilia lengalenga, na ile lengalenga, wewe, binti yangu aliuliza kama nimeinunua. Kwa udongo tulikuta mbegu za ngaingai, zimeoza. Rafiki yangu wa Jacobs nilimwambia tu kama ilikataa uchachu mpaka mwisho. Akasema ni majivu ya umeme.

"Majivu ya braai," nikamwambia.

"Basi ndiyo maana."

Lakini ile siku, nilikuwa nimesimama na kisu, mikono inanata, bado sijui nitabaki juu ama nitashuka. Mzee akamwambia mjukuu, pole pole ili na mimi nishike: ataambia watu wa nyumba harufu imekwisha. Mbegu ndogo ataacha. Ndoo zitakaa. Lakini hataki mama awe peke yake huku tena. Macho yake yeye yamekwisha, macho ya mama hayajui vitu vya hapa. Mtu wa tatu apande huku juu pia, mwenye anajua. Kama hakuna, zishuke.

Mimi nikaangalia chini. Nilijua maisha ya yule mtoto. Mitihani, marafiki, simu. Huku alikuwa anapanda kwa ajili ya nguo tu, na haraka. Singemwomba. Ndoo ni zangu, ujana ni yake.

Akapangusa mikono kwa sketi ya shule. Akachukua kreti ya tatu yenye ilikuwa kwa kona, akaigeuza, akaikalia kati yetu, mimi huku, mzee kule.

"Koko," akasema, "kila Jumamosi nitakuwa hapa, kuanzia hii. Kitu yoyote yenye itaota, hautaipatia ata tone la maji mbele sijaiangalia na wewe. Na siku ngaingai ya kweli itatoka, jani ya kwanza nitatafuna mimi."